Shamba la Maskini: Kumtafuta Aliyesahauliwa Kwenye Daftari la Matumizi

Ukiendesha gari vijijini Marekani, iwe Ohio, Indiana au North Carolina, unaweza kukuta kibao cha barabara kimeandikwa Poor Farm Road au County Farm Road. Mswahili mwenye haraka anatafsiri: Barabara ya Shamba Baya. Mwenzake anamsahihisha: hapana, ni Shamba la Mtu Maskini, pengine mzee fulani aliyekuwa na ekari zake mbili. Wote wamekosa. Shamba lenyewe mara nyingi lilikuwa zuri tu, na mwenye mali hakuwa maskini. Ilikuwa serikali ya kaunti. Maskini ni wale waliolala humo.

Jina hilo limeanza kusikika tena kwa sababu watu wengi siku hizi wanatafuta nasaba zao. Mtu anapima vinasaba, anafungua sensa za zamani kwenye intaneti, anamfuata mama wa bibi yake mwaka hadi mwaka, mara anamkuta kwenye orodha ndefu ya watu wasio na undugu wowote, na pembeni ya jina lake pameandikwa inmate. Moyo unamlipuka. Leo neno hilo la Kiingereza ni la magereza. Anaandika kwenye kundi la familia kwamba bibi alifungwa, na shangazi wote wananyamaza.

Bibi hakufungwa. Zamani neno hilo lilimaanisha mtu yeyote anayeishi ndani ya taasisi: hospitali, kituo cha yatima, nyumba ya wazee. Lakini ukimya wa shangazi hao si mgeni. Ndio uliowafuta watu wa mashamba yale kwenye kumbukumbu za koo zao, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimulia. Ajabu ni kwamba walipofutika kwenye hadithi, hawakufutika kwenye karatasi. Mkulima mdogo wa wakati uleule, aliyejitegemea mpaka kufa, mara nyingi ameacha maandishi machache kuliko maskini aliyelishwa na kaunti kwa majira matatu ya baridi.

Maneno kwanza

Kaunti: msomaji wa Kenya hahitaji maelezo. Wa Tanzania afikirie halmashauri ya wilaya, yenye mweka hazina wake, vikao vyake na ugomvi wake wa bajeti. Makoloni ya Waingereza kule Marekani yalirithi sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1601, na kiini chake ni hiki: maskini wa mahali ni mzigo wa mahali hapo. Si wa mfalme, si wa taifa.

Kutokana na hilo likazaliwa neno la pili, ukaazi. Kwa kuwa kila mji ulilisha watu wake tu, swali la kwanza kwa mwenye njaa halikuwa amekula lini, bali ni wa wapi. Ukaazi ulipatikana kwa kuzaliwa pale, kuolewa na mtu wa pale, kuwa na mali au kulipa kodi kwa muda uliowekwa, kutegemea sheria ya jimbo. Asiyekuwa nao alirudishwa alikotoka, na miji iliburutana mahakamani ikidaiana gharama za chakula cha mtu mmoja. Lishike neno hili, kwa sababu karibu kila swali utakalolikuta kwenye vitabu vya mapokezi linatokana nalo.

Kabla ya mashamba, maskini alisaidiwa kwake, akipewa kuni, unga na kulipiwa daktari. Au aliuzwa mnadani. Nasema aliuzwa kwa kukosa neno bora, maana mnada wenyewe ulikwenda kinyumenyume: mshindi hakuwa anayetoa bei kubwa bali anayetaka malipo madogo kabisa kutoka kwa mji ili amlishe mtu yule mwaka mzima na kumfanyisha kazi. Si vigumu kukisia sahani ya mtu aliyenunuliwa kwa bei ya chini.

Mwaka 1824 katibu wa jimbo la New York, J. V. N. Yates, aliwasilisha ripoti akisema utaratibu huo ni ukatili na tena ni ghali, na mwaka huohuo jimbo likatunga sheria ya kuzitaka kaunti zinunue shamba na kujenga nyumba ya maskini. Majimbo mengi yakafuata mkondo huo. Fikra ilikuwa nzuri kwenye karatasi: wenye nguvu walime, mavuno yalishe wote, kaunti ipumue. Ila waliofika kwenye geti la shamba hawakuwa vijana wenye majembe. Walikuwa wazee, wagonjwa, vipofu, wajawazito wasio na waume, watoto, na watu ambao leo tungesema wana ugonjwa wa akili. Viazi vililimwa, ng'ombe walikamuliwa, nguruwe walifugwa, lakini dhana ya shamba kujilipia lenyewe ilibaki dhana.

Kwenye nyaraka utayakuta majina kadhaa kwa kitu hichohicho: poor farm, poorhouse, almshouse, na baadaye county home. Anayetafuta kwa jina moja tu atarudi mikono mitupu huku kitabu kiko rafu ya pili.

Daftari la Mangi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maskini hakuwa na mali ya kuandikwa. Ila yeye mwenyewe alikuwa matumizi ya fedha za umma, na matumizi huandikwa.

Fikiria duka la Mangi pale mtaani, na lile daftari lake lililopauka. Anapoandika "Mama Asha, sukari nusu, sabuni mche" hana nia ya kuandika historia ya Mama Asha. Anataka alipwe mwisho wa mwezi. Lakini mpe mtu daftari hilo baada ya miaka 60 ataona mengi: wiki ambayo sukari ilipanda kutoka nusu hadi kilo tatu kulikuwa na wageni au msiba, miezi miwili ambayo jina halipo kabisa, mama alisafiri au walikosana, mwandiko ulipobadilika, Mangi alikwenda kwao Krismasi akamwachia mtoto wa shangazi duka. Mangi alihesabu deni, na maisha ya mtu yakanasa humo bila yeye kukusudia.

Vitabu vya shamba la maskini ni daftari hilo kwa ukubwa wa kaunti. Ndiyo maana ninawaonya wanaozisoma nyaraka hizi kana kwamba ni wasifu. Kila mstari una mwandishi, na mwandishi alikuwa na swali lake, ambalo mara nyingi lilikuwa nani atalipa. Usipolijua swali, jibu litakudanganya.

Mfano mzuri ni Tewksbury, Massachusetts. Mwaka 1854 jimbo lile lilifungua nyumba tatu za maskini, Tewksbury, Bridgewater na Monson, kwa ajili ya watu wasio na ukaazi katika mji wowote, wengi wao Waayalandi waliokimbia njaa kuu iliyoanza 1845. Mtu alipofika alihojiwa: umezaliwa wapi, ulikuja kwa meli gani, ulishukia bandari ipi, umeishi miji gani, una ndugu wapi, mume yuko wapi. Ukisoma majibu hayo leo, wakati mwingine ni kisa kizima katika mistari minne, na unaweza kudhani karani alikuwa mtu wa huruma aliyependa stori za watu. Labda alikuwa. Kazi yake, hata hivyo, ilikuwa kutafuta kama kuna mji wowote duniani wa kupelekewa bili. Sehemu ya vitabu hivyo imewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell.

Tarehe 22 Februari 1876 waliingia hapo watoto wawili wa Sullivan, Anne na mdogo wake Jimmie. Mama yao alikufa kwa kifua kikuu, baba akawaacha. Anne alikuwa hajatimiza miaka 10 na macho yake yalikuwa karibu yazime kabisa kwa trakoma. Jimmie alikuwa na nyonga iliyooza kwa kifua kikuu, na miezi michache baadaye alifia humohumo. Anne alitoka mwaka 1880 kwenda shule ya wasioona ya Perkins, Boston, na mwaka 1887 akawa mwalimu wa Helen Keller, mtoto kiziwi asiyeona aliyekuja kuwa mwandishi maarufu. Kwa hiyo tunamjua. Na Jimmie tunamjua kwa sababu ya dada yake tu. Watoto wengine waliolala wodi ile hawakuwa na dada maarufu. Wana mistari yao kwenye kitabu, basi.

Kuanza kutafuta

Anza na sensa ya Marekani, na uende ukirudi nyuma. Sensa hufanyika kila miaka 10, na majina hufichwa kwa miaka 72. Ya mwaka 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Tangu 1850 kila mtu huru ameandikwa kwa jina lake. Mwaka huo, na 1860 pia, fomu ilikuwa na safu ya kuonyesha kama mtu ni kiziwi, kipofu, punguani, maskini au mhalifu. Yote safu moja. Ndivyo dola ilivyowaweka fungu moja.

Ya mwaka 1880 ndiyo tamu kwa mtafutaji, na wengi hawaijui. Mbali na fomu ya kawaida, makarani walibeba fomu saba za ziada kwa ajili ya waliowaita wenye kasoro, wategemezi na wahalifu. Ya saba ni ya maskini. Karani alipokaa kwenye meza ya msimamizi wa shamba, mbele yake palikuwa na maswali haya kwa kila jina: Je, analishwa kikamilifu na umma au kwa sehemu? Ana nguvu za kufanya kazi? Ni mlevi wa kila siku? Ana kifafa? Amewahi kuhukumiwa? Ana ulemavu gani? Alizaliwa humuhumu? Aliingia lini? Na lile ambalo mimi hulisoma kwanza: nani mwingine wa familia yake yumo humu, mume, mke, mama, baba, wana, mabinti, kaka, dada? Kwenye orodha ya kawaida unaona mwanamke peke yake. Kwenye fomu ya saba unagundua kwamba mtoto aliyeorodheshwa majina 20 chini yake ni wake. Nakala zilizobaki zimetawanyika kwenye hifadhi na maktaba za majimbo, na hazikupona zote.

Fomu ya 1900 na ya 1910 ziliwauliza wanawake wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Ukikuta safu moja ina 9 na inayofuata ina 2, umesoma misiba saba kwa tarakimu mbili.

Kati ya 1880 na 1900 pana shimo. Sensa ya 1890 iliungua kwenye moto wa Januari 1921 katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, na mabaki yakaja kutupwa baadaye. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo New York ina kitu cha pekee. Kuanzia 1875 hadi 1921 bodi ya jimbo ya misaada ilitaka kila nyumba ya maskini ijaze fomu kwa kila anayepokelewa: umri, alikozaliwa, muda aliokaa nchini, bandari aliyoshukia, alikozaliwa baba na mama, elimu, kazi, tabia ya ulevi, na safu iliyoitwa sababu ya utegemezi.

Safu hiyo isome polepole. Jibu huwa neno moja au mawili: uzee, ugonjwa, ulevi, ufukara. Mtu ameanguka kutoka juu ya ghala akavunjika mguu, mwajiri akamtoa, akakosa kodi, akaanza kunywa, akafika shambani Desemba akinuka pombe. Karani ana nafasi ya sentimita mbili. Unadhani ataandika nini? Na fomu iliuliza pia kama wazazi walikuwa walevi au waliwahi kulishwa na umma, kwa sababu wakubwa wa bodi ile, akiwemo katibu wake Charles Hoyt, waliamini umaskini hurithiwa kama rangi ya macho. Fomu ilishaamua ugonjwa ni upi kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti.

Mtu mmoja, majina matano

Usumbufu mkubwa hauko kwenye moto wa 1921. Uko kwenye majina. Maskini wengi hawakujua kusoma, na karani aliandika alichosikia. Sisi tunalijua hili vizuri: nani hana ndugu ambaye cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha, cha shule Mwanaesha, na kitambulisho kimemfanya Mwanaidi? Weka lafudhi ya Kiayalandi au ya Kipolandi mbele ya karani wa Wisconsin upate picha. Umri nao huruka. Mtu ana miaka 48 leo, baada ya miaka 10 ana 65, na hadanganyi. Hajawahi kuwa na sababu ya kuhesabu. Mwanamke akiolewa mara mbili anabadili jina mara mbili, na akifiwa anaweza kurudia la kwanza.

Kwa hiyo usimfuate mtu kwa jina pekee. Mfuate kwa vitu vitatu visivyobadilika kirahisi: alikozaliwa, watu waliotajwa pamoja naye, na kaunti iliyomlipia. Vikilingana vitatu vyote, jina linaweza kuwa limeandikwa kwa kila namna na bado ni yeye.

Kuna dhana nyingine inayopotosha hesabu, kwamba aliyeingia shamba la maskini hakutoka mpaka jeneza. Wapo waliokaa miaka 30. Lakini vitabu vya mapokezi vinaonyesha watu wakiingia na kutoka kama abiria: mfanyakazi wa msimu anaingia kwenye theluji na kutoka mashamba yanapofunguka Machi au Aprili, mama anaingia kujifungua, anaondoka na mtoto baada ya wiki chache, au bila mtoto. Mtu mmoja aliyeingia mara tano ni mistari mitano. Ukihesabu haraka utapata watu watano, au utamkuta mara moja ukadhani hadithi imekwisha.

Walikuwa wavivu? Baadhi walikuwa walevi kweli, na sioni haja ya kuwatakasa. Ila hesabu maalumu ya serikali ya mwaka 1910 ilikuta zaidi ya watu 84,000 kwenye nyumba za maskini nchi nzima, wengi wao watu wazima wa umri mkubwa, na wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Hilo la mwisho linashangaza mpaka ukumbuke nyumbani kwako. Bibi kizee anapata mahali: anashika mjukuu, anachambua mboga, anakaa jikoni. Mzee aliyekuwa kibarua wa kuhamahama, hakuoa, hana mtoto, mgongo umekwisha, nani anamhitaji?

Pesa zinasema zaidi

Sensa na vitabu vya mapokezi vikikauka, ingia kwenye kumbukumbu za vikao vya madiwani wa kaunti na bili za mweka hazina. Ni vitabu vinavyochosha, sitawadanganya. Kurasa nzima za kutengeneza madaraja. Katikati yake utakuta fulani amelipwa kwa kumsafirisha mtu kwa gari la farasi hadi shambani, daktari amelipwa kwa kukata mguu, seremala amelipwa kwa jeneza. Jeneza la kaunti linaweza kuwa tarehe pekee ya kifo uliyo nayo.

Kama mwanamume alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, jaribu mafaili ya pensheni kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Washington. Sheria ya 1890 ilipanua pensheni kwa askari wa zamani aliyeshindwa kufanya kazi za mikono hata kama ulemavu wake haukutokana na vita. Ili apate, ilibidi athibitishe: majirani waape, daktari ampime, mjane alete ushahidi wa ndoa. Faili nene la pensheni lina mambo ambayo mtu huyo hakuwahi kuwaambia wanawe.

Na angalia walikohamishiwa. Mwaka 1875 New York ilipiga marufuku kuwaweka watoto wa miaka 3 hadi 16 kwenye nyumba za maskini, wakapelekwa kwenye vituo vya yatima na familia za kulea. Mama na mtoto wakatenganishwa kwa sheria iliyokusudia wema, na kuanzia hapo mtoto ana mlolongo wake wa karatasi. Wagonjwa wa akili walipelekwa kwenye hospitali kama Willard, iliyofunguliwa jimboni humo mwaka 1869 kwa ajili ya wale wa nyumba za maskini. Willard ilipofungwa mwaka 1995, kwenye dari yalikutwa masanduku ya safari ya wagonjwa kama 400, na sasa yako kwenye makumbusho ya jimbo mjini Albany. Lakini faili la mgonjwa huenda usilione. Sheria ya taifa hulinda taarifa za afya kwa miaka 50 baada ya kifo, na sheria ya New York kuhusu afya ya akili ni kali zaidi. Hivyo mtu yuleyule anaweza kuwa wazi kabisa kwenye kitabu cha shamba la maskini, na siku aliyovuka kizingiti cha hospitali akafungiwa kabatini.

Konde la mfinyanzi

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka vile vipande vya fedha vya Yuda vilivyonunua konde la mfinyanzi pa kuzikia wageni. Wamarekani wanayaita makaburi ya maskini kwa jina hilohilo hadi leo. Karibu kila shamba lilikuwa na konde lake, na mara nyingi alama ya kaburi ilikuwa namba tu, si jina. Kule Eloise, Michigan, wako zaidi ya 7,000 chini ya namba.

Namba bila kitabu ni chuma tu. Hadithi ya Milwaukee, Wisconsin, inaonyesha vizuri. Kaunti ile ilizika maskini wake zaidi ya 7,000, na kitabu cha maziko kilianza 1882: jina, tarehe, namba. Eneo likaja kuwa la mahospitali, majengo yakapanda juu. Mwaka 1991 na 1992 ujenzi uliwalazimu wanaakiolojia kuondoa mabaki ya watu 1,649, na mwaka 2013 yakaondolewa majeneza mengine zaidi ya 600. Namba nyingi hazikuwa tena mahali pake. Basi wanachuo wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Milwaukee wakafanya kazi ya kulinganisha: mifupa inasema mwanamume, miaka 50 na kitu, nyonga imevunjika, kitabu kinasema nini kuhusu safu hii ya makaburi, mwaka huu? Chicago walishituka mwaka 1989, wajenzi wa nyumba walipofukua maiti kwenye ardhi ya zamani ya shamba la maskini la Dunning, ambako inakadiriwa walizikwa watu 38,000.

Wengine hutalipata kaburi hata ukichimba. Massachusetts iliruhusu kwa sheria mwaka 1831 miili ya maskini isiyodaiwa na ndugu ipelekwe shule za udaktari, na New York ikafuata mwaka 1854. Hofu hiyo ndiyo iliyowafanya wazee wengine wabaki kwenye vibanda vya baridi kuliko kukubali gari la kaunti.

Cheti cha kifo, kama kipo, kitazame mahali pa mtoa taarifa. Ukiona ametia saini msimamizi wa shamba, basi jina la baba na la mama huenda yameandikwa hayajulikani. Usilichukulie neno hilo kuwa ukweli kuhusu marehemu. Ni ukweli kuhusu msimamizi, aliyekuwa na vyeti vitatu vya kujaza siku hiyo na asiyekumbuka kuuliza mzee alipokuwa bado anaongea.

Karatasi zinapungua baada ya Agosti 1935, Rais Franklin Roosevelt aliposaini sheria ya hifadhi ya jamii. Ilileta msaada wa fedha kwa wazee, ila aliyekuwa akiishi ndani ya taasisi ya umma hakustahili kulipwa. Wazee wakahama kwenda kupanga vyumba na kwenye nyumba binafsi za kutunzia wazee, mashamba yakaanza kufungwa au kugeuzwa hospitali. Lile la kaunti ya Multnomah, Oregon, lililojengwa mwaka 1911 pale Troutdale, leo ni hoteli. Watu wanafungia harusi.

Ukiwa na jina, kaunti na hata mwaka wa kukisia, andika kwa karani wa kaunti, kisha kwa chama cha historia cha pale, maana vitabu vingi viliokolewa na wastaafu waliovikuta kwenye vyumba vya chini vyenye unyevu. Usiwaulize bibi yako yuko wapi. Waulize kitabu cha mapokezi cha shamba la maskini kiko wapi, kitabu cha maziko kiko wapi, na bili za mweka hazina za miaka ile ziko ghorofa gani. Karani wa leo hamjui bibi yako. Lakini kabati anaweza kulijua, na ufunguo.